Kimondo kimeanguka jana, leo kinauzwa kwa gramu: kwa nini mimi sinunui wiki ya kwanza

Broka_wa_Mawe

Wakuu, habari za jioni.

Juzi kuna mtu aliuliza humu kama kununua vimondo vipya kunalipa. Akajibiwa kwa picha za magazetini za yule jamaa aliyeokota jiwe akaamka tajiri. Nimeona nieleze ninachokijua, maana mchezo huu umeshanila hela za kutosha.

Mimi ni broka wa vito hapa Arusha. Miaka ambayo viza inatoka, Februari huwa naenda Tucson, Arizona, kwenye maonyesho ya madini, na tanzanite zangu kwenye begi. Ukitembea kule kwenye vyumba vya hoteli vilivyogeuzwa maduka, ghafla unakuta meza nzima ya mawe meusi yenye sura ya mkaa, na watu wazima wameinama na vioo vyao vya kukuzia kama tunavyofanya sisi kwenye vito. Hapo ndipo nilipoukamata ugonjwa. Mama watoto anaviita vipande vyangu "kokoto za mheshimiwa".

Mwaka 2013 maonyesho yalikuwa yanakaribia kufungwa. Usiku wa tarehe 14 kwa saa za kule, simu za wauza vimondo zikaanza kulia zote kwa pamoja. Urusi ilikuwa tayari asubuhi ya tarehe 15, na kitu kimepasuka juu ya Chelyabinsk. Mmeziona zile video za kamera za magari. Watu kama 1,500 walijeruhiwa, wengi wao kwa vioo vya madirisha. Kesho yake mezani hakuna aliyezungumza kingine.

Niliporudi nyumbani sikulala. Kwenye mtandao vipande vilishaanza kutoka, na mimi nikanunua gramu tisa kwa dola 35 kila gramu, nikijiambia hiki ndicho kimondo cha karne, kesho hakitapatikana. Mwaka uliofuata nikiwa Tucson nikakuta kama kile changu, tena kizuri zaidi, kina gamba jeusi la kuungua angani pande zote, dola 10 kwa gramu. Vilikuwa vimejaa kwenye sahani kama karanga.

Nilikosea wapi? Jiwe lilikuwa halisi, na muuzaji hakunidanganya (wapo waliouziwa kondraiti za Sahara, yaani vimondo vya mawe vya aina ya kawaida kabisa, kwa jina la Chelyabinsk kipindi kile, mimi nilinusurika). Kosa langu ni kununua kabla hakuna anayejua yameanguka kilo ngapi. Wanakijiji walikuwa wanafuata vishimo kwenye theluji na kuokota vijiwe kwa maelfu. Oktoba wapiga mbizi wakatoa lingine la zaidi ya nusu tani kwenye ziwa Chebarkul. Hilo la ziwani lilikwenda makumbusho, halikuingia sokoni, lakini lile vumbi la vijiwe vidogo lilitosha kuzamisha bei.

Ukinionyesha tanzanite, natazama rangi, usafi na ukataji, nakupa bei hapo hapo. Sihitaji kujua Mererani kumebaki nini chini. Kimondo kipya ni kinyume kabisa. Bei yake iko kwenye mawe ambayo huyaoni, yale ambayo bado yamelala mashambani kwa watu. Uzito wa mawe yote yaliyopatikana wakusanyaji wanauita "uzito jumla unaojulikana", na wiki ya kwanza uzito huo haujulikani. Kwa hiyo bei ya wiki ya kwanza unalipia kutojua, na kutojua siku zote ni ghali.

Kwa wageni wa mambo haya: kuna kimondo kilichoshuhudiwa kikianguka, siku na mahali vinajulikana, na kuna kilichookotwa tu, pengine kilianguka miaka elfu kumi iliyopita. Kwa macho vinaweza kufanana. Kondraiti ya Sahara isiyo na jina unaipata kwa dola moja hivi kwa gramu, wakati mwingine chini ya hapo. Kondraiti ya aina hiyo hiyo iliyoshuhudiwa inaanzia dola tano, kumi, inaweza kupita ishirini. Hiyo tofauti yote ni tarehe! Lakini hata yenye tarehe ikiwa nyingi ni rahisi. Gao-Guenie iliyoanguka Burkina Faso mwaka 1960, au zile chuma za Sikhote-Alin za Urusi, 1947, zaidi ya tani 20: hizo ndizo ninazomwambia mtu anayeanza. Bei yake imeshatulia, haikushtui.

Upande wa pili weka Ribbeck, karibu na Berlin, Januari 2024. Wanaastronomia walikiona kikiwa bado angani saa chache kabla hakijaingia. Watu wakaenda kutafuta mawe meusi, wakapita juu yake siku kadhaa bila kuyaona, kwa sababu ni obraiti, aina adimu ambayo gamba lake si jeusi. Jumla yake ni kama kilo 1.8. Pale aliyechelewa amechelewa.

Kwa hiyo sisemi usinunue mapema kamwe. Nasema jiulize kwanza: aina gani, na uwanda yalipoanguka mawe umeshatafutwa kiasi gani? Kama ni kondraiti ya kawaida na mawe bado yanaokotwa, kaa na hela yako mfukoni miezi sita.

Halafu kuna mvua. Hili watu wengi hawalijui. Aprili 2019 kilianguka kimondo cha kaboni huko Aguas Zarcas, Costa Rica, kama kilo 27. Mawe yaliyookotwa kabla mvua haijanyesha na yale yaliyonyeshewa ni bidhaa mbili tofauti, kwa wanasayansi na kwa wakusanyaji pia. Kimondo cha kaboni kina udongo na chumvi ndani yake, kikilowa kinabadilika. Ukiona muuzaji anasema "kipya", muulize: kiliokotwa tarehe ngapi, na mvua ilinyesha tarehe ngapi? Asiyejua, mpunguzie bei.

Na kuna kitu wanakiita "nyundo", yaani kimondo kilichopiga kitu au mtu. Mwaka 1992 huko Peekskill, Marekani, kimoja cha kilo 12 kilitoboa buti la gari kuukuu la msichana mmoja, Chevrolet Malibu, na gari lile bovu likauzwa kwa maelfu ya dola na kuzungushwa nchi mbalimbali kwenye maonyesho. Kule Aguas Zarcas kilitoboa banda la mbwa, na banda lenyewe (si jiwe, banda!) likauzwa kwenye mnada wa Christie's mwaka 2022 kwa dola 44,100. Walitegemea kati ya laki mbili na tatu, kwa hiyo hata hadithi nzuri ina mwisho wa bei. Jirani zetu Mbale, Uganda, wana yao: tarehe 14 Agosti 1992 mawe yalishuka mjini, na kijana mmoja akapigwa kichwani na kipande cha gramu 3.6 kilichokuwa kimepungua kasi kwenye majani ya mgomba. Hakuumia. Watu wengine walisaga mawe yale wakayanywa wakidhani yanatibu UKIMWI. Ukitaka kulia, lia hapo.

Karibuni kwa maswali.

Kapuku_Msomi

Nimekaa siti ya mbele kabisa. Mkuu Broka, mimi nina jiwe la kilo 6, lipo kwa babu Sumbawanga, zito kuliko kawaida na linanasa sumaku. Wazee wanasema lilishuka na radi. Bei milioni 200, maongezi yapo. Mteja wa kweli tu, matapeli mkae mbali.

Broka_wa_Mawe

Mkuu Kapuku, usiniue mbavu. Sumbawanga ni Ufipa, na Wafipa walikuwa wayeyushaji chuma hodari. Yale malungu yao, matanuri marefu ya udongo, mengine yamesimama mpaka leo. Kila penye lungu pana mavi ya chuma, yaani taka za kuyeyushia, yametapakaa, mazito, meusi, mengine yananasa sumaku. Hayo "mawe ya radi" nimeshaletewa zaidi ya mara ishirini.

Litazame vizuri. Lina vitobo kama mkate? Kimondo karibu kamwe hakina vitobo vya hewa. Lichubue kona ndogo kwa tupa: kondraiti itakuonyesha punje za chuma zinang'aa ndani ya jiwe la kijivu. Likwaruze kwenye sehemu ya nyuma ya kigae isiyopakwa rangi: likiacha mstari mwekundu ni hematiti, mweusi ni magnetiti, usiendelee. Na kama kweli unahisi ni kimondo kipya, usilipitishie sumaku kali, maana unafuta kumbukumbu ya usumaku ambayo watafiti wanaihitaji. Sumaku ya kujaribia ining'inize kwenye uzi, ulisogeze jiwe taratibu. Kifunge kwenye karatasi safi ya alumini, kisilowe, usikishike kwa mikono mitupu.

Halafu, jiwe la Tanzania si la kupiga bei humu. Kaanze kwa watu wa mambo ya kale na ofisi ya madini. Kile cha Mbozi cha tani 16 ni mali ya taifa, na sitaki kusikia mtu amekwenda na tindo pale kilima cha Marengi kilipo usiku.

Mwana_wa_Gatanga

Salamu kutoka Kenya. Hii stori imenigusa, kaka. Mwaka 2011, tarehe 16 Julai, kile cha Thika kilianguka upande wetu. Kulikuwa na mlio kama mabomu, watu walidhani ni ndege imelipuka. Moja lilianguka kwenye shamba la mahindi Kihaaro, na serikali ikalichukua. Baada ya siku chache wakaja wageni na magari ya kukodi, wanaonyesha watoto picha za mawe.

Shangazi yangu alikuwa na kadogo, kama yai la kuku wa kienyeji. Akapewa shilingi elfu tano na mzungu mmoja, akafurahi sana, akanunua mbolea. Baadaye binamu akaingia kwenye mtandao akaona watu wanauza Thika kwa gramu, kwa dola. Mpaka leo tukikutana Krismasi hiyo ndiyo mada. Niambie ukweli, tuliibiwa kiasi gani?

Broka_wa_Mawe

Pole kwa shangazi. Tupige hesabu bila hasira.

Thika ni kondraiti ya kawaida, aina ya L6. Kwa aina hakuna uadimu. Lakini ilishuhudiwa, na jumla iliyopatikana ni kama kilo 14 tu, kidogo mno. Hiyo ndiyo inayoibeba. Kijiwe cha ukubwa wa yai, kikiwa kizima na gamba lote, tuseme ni gramu 100 na kitu. Elfu tano ya Kenya wakati ule ilikuwa kama dola 55. Kwa hiyo alilipwa karibu nusu dola kwa gramu, bei ya jiwe la Sahara lisilo na jina, lililoshika kutu. Hata ningesema dola tano kwa gramu, bei ya chini kabisa ya kondraiti mpya, yule mgeni alimpa sehemu ya kumi.

Lakini usichukue bei ya dukani ukasema ndiyo haki yake. Anayenunua kijijini analipa tiketi, gari, dereva, na anaweza kukaa wiki mbili asipate kitu. Kisha hakuna jina rasmi bila mtu kutoa sampuli: kanuni ya Meteoritical Society, chama cha kimataifa cha wataalamu wa vimondo, inataka gramu 20 au asilimia 20 ya kimondo, ile iliyo ndogo kati ya hizo, ibaki kwenye taasisi. Mimi nikiuza tanzanite kwa mnunuzi wa Tucson, najua ataiuza mara tatu, na sioni wivu. Mara kumi ndiyo inaniuma.

Daktari_Mchwa

Hapo hapo. Kwa hiyo ushauri wako kwa mnunuzi ni "subiri bei ishuke", wakati mwokotaji naye akisubiri anakula hasara. Ninyi wakusanyaji mna kalenda, mwanakijiji hana. Mbona hilo hujaliandika?

Na hawa wa mnadani je? Jiwe la kilo 24 lililotoka sayari ya Mars limetolewa Niger, limeuzwa Sotheby's New York Julai 2025 kwa dola milioni 5.3, serikali ya Niger inaanza kuchunguza lilitokaje baada ya mnada kwisha. Na lile la Somalia, El Ali, tani 15, ambalo wafugaji walilijua vizazi na vizazi na kunolea visu juu yake, limeishia China. Huu ni ukusanyaji au ni uchotaji?

Broka_wa_Mawe

Daktari umenibana, na sitakwepa. Ni kweli: saa inamsaidia mnunuzi na inamkata mwokotaji. Ningekuwa shangazi wa Gatanga ningeuza wiki ya kwanza, kwa wageni wawili au watatu wanaoshindana pale pale uani, na mawe ningeyapima mwenyewe kwenye mizani ya duka. Gramu, si "kipande". Anayenunua kwa kipande anajua kwa nini hataki gramu.

Lakini magazeti nayo yamewaharibia waokotaji. Kumbukeni yule fundi majeneza wa Sumatra, Agosti 2020. Jiwe la kilo mbili hivi lilitoboa paa la bati, likazama kwenye udongo kando ya nyumba yake. Kimondo cha kaboni, Kolang. Vyombo vya habari duniani vikaandika ameuza kwa dola milioni 1.8. Ilikuwaje? Mtu aliweka kipande kwenye eBay kwa dola 857 hivi kwa gramu, mwandishi akazidisha na uzito wa jiwe zima. Bei aliyoitaja muuzaji tu! Hakuna aliyekuwa ameilipa. Fundi mwenyewe alipata rupia milioni 200, kama dola 14,000. Gawa kwa gramu: haifiki dola nane. Kwa kimondo cha kaboni kilichotoboa nyumba, mimi nasema hiyo ni ndogo. Kwa hiyo wote wawili walikosea, gazeti juu na mnunuzi chini, na fundi amebaki katikati akiulizwa na majirani mamilioni yako wapi.

Hata lile la Niger, milioni 5.3 gawa kwa gramu 24,670, ni kama dola 215. Mars! Tissint ya Morocco ya 2011, nayo Mars, tena ilishuhudiwa, vipande vidogo vilikwenda kwa mamia ya dola kwa gramu. Jiwe kubwa gramu yake huwa rahisi, kwa sababu wenye uwezo wa kulibeba lote ni wachache. Kwenye tanzanite jiwe kubwa safi karati yake inapanda. Huku inashuka. Nilichukua miaka kuzoea.

Kuhusu Niger na El Ali sina utetezi. Kipande kisicho na karatasi ya kutokea nchini kwake sikigusi, hata kikiwa nusu bei.

Bint_Seif_Maskati

Assalaam aleikum ndugu zanguni. Miye naongezea la huku Oman, maana wapo vijana wetu wanaokwenda jangwani na gari wakidhani kila jiwe jeusi ni riziki. Jangwa la huku, Dhofar na Jiddat al Harasis, lina vimondo vingi mno, kwa sababu ardhi ni nyeupe na mvua haba, jiwe jeusi laonekana kwa mbali. Lakini ni mali ya serikali. Mwanzoni mwa 2011 wawindaji wawili wa Kimarekani walikamatwa huku, wakahukumiwa miezi sita kwa kuchimba madini bila ruhusa, wakakaa ndani karibu miezi miwili mpaka rufaa ikawatoa. Basi nasikia watu wanauza "kimondo cha Oman" mitandaoni kwa bei ya kuvutia. Ukinunua, umenunua na kesi yake.

Swali langu: kadi anayokupa muuzaji inatosha kuwa ushahidi?

Broka_wa_Mawe

Waaleikum salaam dada. Kadi peke yake ni karatasi, hata mimi naweza kuichapa stendi. Ninachoangalia ni mlolongo: nani aliokota, nani alinunua kwake, kwa mnunuzi yupi kikafika kwangu, na picha za kipande hicho hicho zenye mizani. Nikipata jina la kimondo naingia kwenye kanzidata ya Meteoritical Society, iko wazi bure, naangalia aina na uzito jumla. Kama kanzidata inasema jumla ni kilo moja na nusu na wewe sokoni unaona wauzaji kumi wenye nusu kilo kila mmoja, hesabu inakwambia.

Kadi za zamani usitupe, hasa zenye namba ya makumbusho. Kipande kilichopita makumbusho kikatoka huko kwa kubadilishana kihalali kinauzwa ghali kuliko ndugu yake asiye na ukoo. Nawajua wanaonunua kadi, jiwe linakuja kama nyongeza.

Mwana_wa_Gatanga

Na lile duara la chuma la Makueni, Desemba 2024? Kilo 500, mita mbili na nusu. Jirani yangu alitaka kwenda kukata kipande auze.

Broka_wa_Mawe

Hilo ni takataka ya roketi, kaka. Lina mwenyewe, na ni jukumu la nchi iliyolirusha. Mwambie jirani akauze mahindi.

Kapuku_Msomi

Wakuu, mrejesho. Nimempigia babu, amelipeleka jiwe kwa fundi wa kuchomelea. Ndani lina vitobo kama maandazi. Babu anasema tangu mwanzo alikuwa anajua, amelitumia miaka thelathini kuzuia mlango wa banda la mbuzi, ila mimi ndiye niliyemwambia ni mali. Fundi amemaliza diski mbili za grenda. Anadai elfu kumi na mbili, na babu amempa namba yangu.